Mtihani wa Kutokea

Muindi alijua kwamba binti yake ameanguka mtihani hata kabla hajamfikia. Waliofaulu walikuwa wakitoka katika chumba cha kompyuta huku wakipiga simu; Kavindu alitoka na simu yake mkononi bila kuitazama. Alikatiza uwanja, akainama kupita chini ya kamba zilizoanikwa shuka za chumba cha mazoezi, akaja hadi kwenye gari dogo la Mkuu wa chuo, ambako baba yake alikuwa ameegemea boneti na gazeti la jana.

"Ngapi?"

"Sabini na tatu."

"Si mbaya."

"Wanataka sabini na tano, baba."

"Najua. Nasema tu si mbaya."

Ilikuwa mara ya pili, na ya mwisho. Mwezi uliotangulia Kavindu alikuwa amepata sabini na moja, na chuo hakikuruhusu jaribio la tatu. Mtihani wenyewe waliuita wa kutokea. Haukuwa ule wa Baraza la Wauguzi unaompa mtu leseni. Ulikuwa lango ambalo chuo kilikuwa kimelijenga mbele ya lango la Baraza. Maswali yalinunuliwa kwa kampuni ya ng'ambo, yakajibiwa kwenye kompyuta, na aliyekosa sabini na tano jina lake halikupelekwa Baraza, hata awe amemaliza masomo yote na zamu zake zote za wodini. Kwa njia hiyo karibu kila aliyepelekwa alifaulu, na chuo kikapata la kuandika ubavuni mwa basi. Basi hilo Muindi ndiye aliyeliendesha, pamoja na gari dogo la Mkuu.

Falis alikuja nyuma ya Kavindu, anahema, hijabu imemlegea. Alikuwa msichana wa Majengo, Pumwani, baba yake muuza vitambaa vya jumla, na tangu mwaka wa kwanza yeye na Kavindu walikuwa wakifanya zamu pamoja.

"Mimi sitini na nane," akatangaza. "Kavi, wewe angalau umeanguka kwa heshima."

"Niache."

"Lile swali la mgonjwa wa kugeuzwa, ulijibu nini?"

"Jamaa zake."

"Hata mimi! Eti jibu ni msaidizi wa muuguzi. Manze, msaidizi gani? Kule wodini ulishawahi kuona msaidizi?"

"Nimeona shangazi za watu."

Falis akacheka, kisha akaacha. Swali lilikuwa rahisi. Mgonjwa hawezi kujigeuza kitandani, muuguzi ana wengine wa kuhudumia. Kazi ya kumgeuza amkabidhi nani? Katika hospitali waliyofanyia mazoezi muuguzi mmoja aliangalia wodi nzima, na waliogeuza wagonjwa walikuwa mama zao, dada zao, na wakati mwingine mgonjwa wa kitanda cha pili aliyepata nafuu. Kavindu alikuwa amejibu alichokiona. Maswali ya namna hiyo hayakuwa mengi, lakini yalitosha.

"Profesa!" Wekulo, bawabu wa chuo, aliita kutoka langoni. "Mkuu anatoka! Funga maktaba!"

Muindi alikunja gazeti. Lilikuwa la Kiingereza. Kila siku alilirithi kutoka kiti cha nyuma Mkuu alipomaliza nalo. Alisoma vichwa vya habari, matangazo ya vifo na habari za mpira, na kwingine alipita. Wekulo ndiye aliyeanza kumwita Profesa, na jina lilikuwa limepanda ngazi hadi ofisini. Muindi aliishia kidato cha pili. Hakuna aliyewahi kumuuliza, naye hakuona sababu ya kusema.

"Nenda nyumbani," alimwambia Kavindu. "Mwambie mama yako pole pole."

*

Mkuu wa chuo, Madam Nangila, alikaa kila siku kiti cha nyuma upande wa kushoto. Safari hiyo hawakuwa wamefika mbali kutoka chuoni Njiru alipoweka simu yake pajani.

"Mzee Muindi."

"Madam."

"Nimeona matokeo ya Kavindu. Nimesikitika."

"Asante, madam."

"Ni mtoto mzuri. Nimemwona wodini, mkono wake ni mwepesi. Lakini mtihani wa Baraza hauendi wodini kumwangalia mtu mkono."

"Ni kweli, madam."

Hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyempigania Muindi hadi Kavindu akaingizwa katika mpango wa watoto wa wafanyakazi, akasoma kwa nusu karo. Na yeye mwenyewe alikuwa na wakubwa wake. Mwaka ambao wanafunzi wawili walianguka mtihani wa Baraza, bodi ilimweka nje ya mlango kwenye benchi kama mwanafunzi mtoro, na Muindi alimwona hapo benchini, amekumbatia mkoba. Mtihani wa kutokea ulianza baada ya kikao hicho.

"Kuna ile kozi ya wasaidizi wa wauguzi," Madam Nangila aliendelea. "Kwa kuwa amesoma mengi, hatakaa sana. Anamaliza, anapata cheti, anapata kazi. Badala ya kukaa nyumbani bure. Tukimhamishia huko, mambo ya Baraza yanakuwa hayamhusu tena, hata presha inampungua. Unaonaje?"

Mbele yao mkokoteni wa mitungi ya maji ulikuwa ukivuka barabara, mwenyewe akiusukuma kwa kifua. Muindi alikanyaga breki.

"Sawa, madam."

"Najua si alichotaka."

"Sawa, madam."

"Basi nitaandaa karatasi."

"Sawa."

Tangu aanze kuendesha magari ya watu, Muindi hakuwahi kumpinga abiria wa kiti cha nyuma. Haikuwa woga. Ilikuwa ndiyo kazi: mkubwa akisema twende hivi, unakwenda hivi, na ukiona njia imefungwa, unamweleza baadaye, taratibu. Katika maneno yote yaliyosemwa nyuma yake alisikia kwamba mtoto amepatiwa mahali pa kushikilia wakati anangoja. Hakuuliza anangoja nini.

Asubuhi iliyofuata alikuwa akiosha gari Madam Nangila aliposimama karibu naye na karatasi moja na kalamu. Watoto wa mpango wa nusu karo mzazi wao ndiye aliyetia sahihi kwa kila jambo la masomo. Ndivyo mpango ulivyokuwa.

"Ni ile tuliyozungumza. Isome kwanza."

Muindi alifuta mikono kwenye suruali. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Aliisoma namna alivyosoma gazeti: kichwa, jina la Kavindu, jina lake mwenyewe, tarehe. Katikati palikuwa na aya mbili. Madam Nangila alikuwa amesimama, anamngoja, viatu vyake pembeni ya maji ya sabuni.

"Iko sawa, Profesa?"

"Iko sawa, madam."

Alitia sahihi juu ya boneti. Karatasi ikashika unyevu kidogo kwenye pembe, akaipuliza kabla ya kumrudishia.

Alikusudia kumwambia Kavindu jioni hiyo. Lakini Kavindu alikuwa amelala ameelekea ukutani, na Kavata, mkewe, alimfanyia ishara ya mkono kwamba anyamaze. Kesho yake alikusudia tena.

*

Waliishi mtaa wa Tena, vyumba viwili, na mbele ya mlango wa nje Kavata alikuwa na jiko na sufuria kubwa ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, na chapati pembeni. Wateja walikuwa walinzi, mafundi, na wasichana wa saluni waliotaka wapakuliwe kidogo lakini wajazwe mchuzi. Jumapili hiyo jioni alikuwa akisugua sufuria, Muindi akirekebisha stuli iliyokatika mguu, Falis alipofika mbio akiwa na mfuko wa mahamri.

"Mama Kavindu, leo nataka chai! Kavi yuko wapi? Kavi! Toka huko!"

Kavindu alitoka chumbani amejifunga leso. Alikuwa amepungua uso.

"Wametuachilia," Falis alisema.

"Nani?"

"Chuo! Si nilikuambia mjomba Abdirizak anamjua wakili? Ameandika barua. Sheria tulizopewa tukiingia hazikuwa na mtihani wa kutokea, waliuongeza baadaye. Wameogopa kelele. Wote tulioanguka tunapelekwa Baraza. Majina yanaenda Ijumaa."

Kavata aliacha sufuria ianguke. Alimshika Falis kichwa kwa mikono yenye masizi, akambusu juu ya hijabu, kisha akarudi nyuma kuangalia alichoharibu. "Wee, nimekuchafua."

"Nichafue tu, mama." Lakini Falis hakuwa akicheka tena. Alimtazama Kavindu. "Kavi, kuna kitu kimoja. Jina lako halimo."

"Halimo vipi?"

"Nilienda kuuliza. Wanasema wewe ulihama. Kozi ya wasaidizi."

"Mimi? Sijahama popote."

"Wanasema mzazi alitia sahihi."

Kavata alicheka kwanza. Kisha akamwona mumewe, ambaye alikuwa ameshika nyundo na msumari bila kupiga.

"Baba Kavindu?"

Muindi aliweka nyundo chini. "Nilifikiri ni ya kungojea."

"Kungojea nini? Gari?"

"Madam alisema asikae bure."

"Ulisoma?"

"Nilisoma."

"Ulisoma!" Kavata alishika kiuno. "Mwenye magazeti! Kila jioni unaniletea lile furushi nifungie watu chapati, nikidhani nina mume msomi. Mtoto amekesha wodi za watu, amefuta matapishi ya watu, wewe unamwondoa kwa kalamu ya kuazima."

"Mwaitu," Kavindu alisema. Ndivyo walivyomwita mama nyumbani kwao. "Basi."

"Basi nini?"

"Mbona hukuniambia?" Kavindu alimuuliza baba yake. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kana kwamba anauliza chumvi imewekwa wapi.

"Ulikuwa umelala."

Falis, aliyekuwa bado ameshika mfuko wa mahamri, alikaa kwenye kizingiti cha mlango. "Si mwisho," alisema. "Nimemuuliza wakili. Anasema mzazi akitia sahihi karatasi ambayo hakuielewa, hiyo sahihi haina nguvu. Bodi inakaa Jumatano. Mtaitwa. Baba, ni kusema tu hukuielewa. Sentensi moja."

"Mbele ya Madam?"

"Mbele ya wote. Wala si kumsingizia mtu. Usiseme alikutisha, kama hakukutisha."

"Hakunitisha."

"Basi. Sema hukuelewa. Imeisha."

Muindi alichukua msumari, akaugeuza vidoleni. Wote watatu walikuwa wakimtazama.

"Nitasema," akajibu.

*

Jumanne jioni Kavata alimsimamisha katikati ya chumba kama mtoto anayefunzwa shairi la sikukuu.

"Mimi ni bodi. Mzee Muindi, ulielewa karatasi hii?"

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Sikuielewa."

"Sauti iko wapi? Ukiita utingo wa lori huko barabarani tunakusikia mpaka Umoja. Tena."

"Sikuielewa."

"Na ukishasema, unyamaze. Usiongeze 'lakini'. Nakujua wewe, utaongeza 'lakini Madam ni mtu mzuri'."

"Ni mtu mzuri."

"Unaona?"

Kavindu alicheka, mara ya kwanza tangu matokeo. Kavata naye akacheka, na Muindi kwa kuwa wao walicheka. Kisha Kavata akakaa, akasema kwa sauti nyingine, "Na wakikufuta kazi?"

"Kwa kutojua Kiingereza? Gari haliendeshwi kwa Kiingereza."

"Sawa. Lakini wakikufuta?"

"Mama," Kavindu alisema, "wakimfuta mimi nitakuwa nesi."

Ilisemwa kirahisi, na ilikuwa hesabu sahihi. Kavindu alikuwa na madaftari yake mezani, yamefunguliwa. Tangu Jumapili alikuwa ameanza kusoma tena, kwa ajili ya Baraza sasa, akinong'ona majina ya dawa na vipimo vyake. Kila Muindi alipopita karibu na meza, Kavindu aliinua kichwa na kumtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama: kama jamaa wa mgonjwa anavyomtazama daktari aliyeingia wodini.

*

Jumatano asubuhi kazi ya kwanza ya Muindi ilikuwa kumleta mwenyekiti wa bodi kutoka mjini. Bwana Obonyo alikuwa mtu mnene, mchangamfu, aliyestaafu benki. Alizungumza njia nzima juu ya bei ya mahindi na magoti yake. Muindi alijibu "Ndiyo, mzee" na "Ni kweli, mzee." Walipofika alimfungulia mlango, akambebea mkoba hadi ndani, akautua mezani, akageuka atoke.

"Wewe baki," Madam Nangila alimwambia kwa upole. "Kikao chenu ni cha kwanza."

Palikuwa na viti vya kitambaa. Kavindu alikuwa tayari amekaa, amevaa sare yake ya mwanafunzi, imepigwa pasi, soksi nyeupe. Muindi hakuwahi kukaa katika chumba hicho. Alikalia ukingo wa kiti, akaweka funguo za gari gotini, kisha akaona hazifai kuwa hapo, akazitia mfukoni. Wajumbe wengine wawili wa bodi walikuwa wakiangalia simu zao.

Bwana Obonyo alifungua jalada. "Kumbe ndiye Profesa! Mimi nasikia Profesa, Profesa, sijui ni nani. Tangu asubuhi nimeendeshwa na msomi." Wajumbe wakatabasamu. Muindi naye akatabasamu.

"Haya, jambo ni dogo. Binti anataka kurudishwa katika orodha ya Baraza. Hatuna shida naye. Wenzake tumewaachilia. Lakini yeye alihamishwa kwa idhini ya mzazi, na karatasi hii hapa. Sasa wakili wao anasema labda mzazi hakujua anachokitilia sahihi. Ndiyo tunataka kusikia kwa mwenyewe. Mzee Muindi, Mkuu alikutisha?"

"Hapana, mzee."

"Alikuambia kazi yako iko hatarini?"

"Hapana."

"Alikueleza habari ya kozi hii kabla ya kukuletea karatasi?"

Muindi aliwaza. Alikumbuka mkokoteni wa maji. "Alinieleza. Garini."

"Vizuri. Na alipokuletea, alikupa nafasi ya kuisoma?"

"Alinipa."

Yote hayo yalikuwa kweli, na mpaka hapo hapakuwa na lililoharibika. Kavata mwenyewe angeyakubali. Bwana Obonyo alisukuma karatasi kwenye meza hadi mbele yake. Pembe moja ilikuwa imejikunja palipolowa. Aya mbili zilikuwa pale pale katikati.

"Sasa, ndugu yangu, nataka unisaidie." Sauti ya mwenyekiti ilikuwa ya urafiki. "Mimi ninakuona ni mtu mzima, mwenye akili zake. Kila siku una gazeti la Kiingereza, Mkuu ananiambia, unalimaliza lote. Mtu kama wewe si wa kudanganywa na karatasi ya ukurasa mmoja. Au nimekosea?"

Mjumbe mmoja aliinua macho kutoka kwenye simu. Madam Nangila alikuwa akimtazama Muindi. Hakuwa akimtisha wala kumsihi. Alikuwa akimngoja tu, kama alivyomngoja siku ile kando ya maji ya sabuni. Neno lilikuwa mdomoni, lile alilolifanyia mazoezi. Alijua kwamba akilitoa watalielewa wote. Watasoma nyuma yake miaka yote ya magazeti, watajua kwamba alikuwa akiangalia picha. Wekulo atajua kabla ya saa sita.

"Hujakosea, mzee," alisema.

"Kwa hiyo uliielewa?"

"Niliielewa."

Kalamu ya Bwana Obonyo ilikuwa imekwisha kuanza kuandika. Muindi hakumtazama binti yake. Aliona tu soksi zake nyeupe chini ya kiti, miguu miwili iliyobanana.

"Binti, una la kuongeza?"

Angeweza kusema. Angeweza kusema baba yangu hawezi kusoma hiki, mpeni asome kwa sauti. Sentensi moja, na wangempa karatasi, na Muindi angeishika mbele yao wote.

"Hapana, bwana," Kavindu alisema.

"Nimesikitika. Lakini hii kozi nayo si mbaya. Wasaidizi wanatafutwa sana siku hizi." Bwana Obonyo alifunga jalada. "Asante, Profesa. Umesema ukweli kama mwanamume. Wengi wangeukwepa."

Mlangoni Madam Nangila alimgusa Muindi bega. "Nenda nyumbani upumzike leo. Mwenyekiti nitamrudisha mimi mwenyewe."

"Asante, madam."

*

Walitoka langoni kwa miguu. Wekulo aliuliza "Vipi, Profesa?" kisha akaona nyuso zao, akarudi kibandani mwake. Walifuata ukingo wa Barabara ya Kangundo, penye vumbi, wakipita vibanda vya mbao na vya vyuma chakavu. Matatu ziliwapita, makondakta wakiwaita wapande. Hakuna aliyeinua mkono. Kavindu alitangulia hatua chache, kisha akapunguza mwendo ili wawe sambamba.

"Baba, ulielewa kweli?"

"Hapana."

"Hata siku ile?"

"Hata leo."

"Basi mbona ulisema ulielewa?"

"Ungemsikia alivyoniuliza."

"Nilimsikia. Nilikuwa hapo."

"Ningesemaje, Kavindu? Mbele ya wale watu?"

"Hivyo ulivyoniambia mimi sasa hivi. Neno hilo hilo." Alisema bila kuinua sauti. "Lilikuwa neno moja, baba."

"Kesho nitamwona Madam. Nitamweleza tukiwa garini. Garini ananisikiliza."

"Bodi imeshaandika."

"Ijumaa bado haijafika."

"Usimwambie kitu. Utaharibu na kazi, na mimi sitarudishwa. Tutakosa vyote viwili."

Muindi alitaka binti yake amtukane. Angemtukana, yeye angekasirika, na wangefika nyumbani wakiwa watu wawili waliogombana, jambo ambalo lina mwisho wake. Kavindu hakumtukana. Walipofika penye msichana anayeuza machungwa alisimama, akafungua kitufe cha juu cha sare yake, akapumua, akafunga tena. Kisha akasema, "Jumatatu ndio kozi inaanza. Nimeuliza. Sare yao ni ya kahawia."

"Utakwenda?"

"Nitakwenda wapi kwingine?"

Walipokaribia mtaa wao alipunguza mwendo tena. Muindi alidhani amechoka.

"Mama atauliza," Kavindu alisema.

"Nitamwambia."

"Utamwambia nini?"

Kavindu alimtazama kwa muda, usoni, kwenye kola ya shati ambayo Kavata aliipiga pasi asubuhi kwa ajili ya kikao, kisha akatangulia mbele.

Kavata alikuwa amefunga biashara mapema. Alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, na majirani wawili waliokuwa na habari walikuwa wamepata kisingizio cha kufua karibu. Aliwaona kwa mbali na akajua, maana waliporudi na habari njema hawakutembea hivyo. Aliwaacha waingie ndani, akafunga mlango. Ndipo akamgeukia mumewe.

"Ulisema?"

Muindi alifungua mdomo.

"Alisema, mwaitu," Kavindu akajibu. Alikuwa ameinama anavua viatu. "Alisema vizuri kabisa. Kama ulivyomfunza. Hawakutaka kumsikia."

"Alisema hakuielewa?"

"Mbele ya wote. Mwenyekiti akasema sahihi ni sahihi."

Kavata alikaa kwenye stuli. Aliweka mwiko magotini, akaanza kuwatukana: mwenyekiti, Mkuu, kampuni ya ng'ambo, kompyuta zao, na watoto watakaowazaa. Alilia kidogo, akajifuta kwa kiwiko kwa kuwa viganja vilikuwa na mafuta. Alipomaliza alisimama, akaenda kwenye sufuria. Tangu Jumapili alikuwa akimpakulia mumewe bila kumtazama, sahani ikitua mezani kwa kishindo. Sasa aliijaza polepole, akatafuta nyama chini ya mahindi na maharagwe, akaipata, akaiweka juu.

"Kula, Baba Kavindu," alisema, na akamwekea mkono begani. "Nilikuonea. Kusimama mbele ya watu kama wale useme hujui, si kazi ndogo. Kula."

Muindi alishika kijiko. Kavindu alikuwa amesimama kabatini, amewapa mgongo, akitafuta chumvi, na chumvi ilikuwa mezani.